Je, marefa wa NBA huuza mechi? Jibu kwa binti wa Langoni

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu. Nimemaliza kidato cha nne na nacheza mpira wa kikapu. Kaka yangu huendesha boti ya Mokowe, na usiku hukesha na simu akitazama NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na kuweka mkeka wa kubeti. Kila ukichanika husema mechi zimepangwa: marefa hulipwa, ligi hutaka timu mbili za mchujo, zinazokutana hadi moja ishinde mechi nne, zifike mechi ya saba ili pesa za televisheni ziingie, na yule refa Donaghy alishakiri. Hunitajia pia mechi ya Lakers na Kings ya mwaka 2002. Mimi nataka kusomea urefa. Ni kweli mechi huuzwa? Na kama ni kweli, nijiingize vipi katika kazi ya wezi?"

Marahaba, mwanangu. Nimepuliza filimbi hapa Malindi na huko Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali lako nililisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Kaka yako hakuzua. Donaghy yupo, na 2002 ipo. Ila amechanganya vitu viwili ambavyo sisi wa filimbi tunajua havifanani hata kidogo: refa kupendelea na refa kuuza.

Nianze na aliyeuza.

Tim Donaghy alichezesha NBA misimu 13, tangu 1994 hadi 2007. Julai 2007 alijiuzulu, na mwezi uliofuata akakiri mahakamani makosa mawili: kula njama ya ulaghai, na kupitisha habari za kamari kutoka jimbo moja hadi jingine. Mwaka 2008 alihukumiwa miezi 15 gerezani. Wenzake wawili, James Battista na Thomas Martino, ambao alijuana nao tangu sekondari, nao wakafungwa. Wapelelezi wa FBI hawakuanza kwa kumtafuta refa. Walikuwa wakifuatilia genge la Gambino la New York, na humo ndimo lilimochomoza jina lake.

Sasa tazama aliuza nini. Aliuza habari. Wakati ule ligi ilificha majina ya marefa wa kila mechi hadi karibu na mechi yenyewe, na Donaghy aliyajua mapema. Alijua refa gani hapatani na kocha gani, na mchezaji gani anachechemea. Kwa kila utabiri uliotimia alilipwa dola 2,000, baadaye zikapandishwa hadi 5,000. Mechi nyingine alizotabiri alizichezesha mwenyewe. Ligi ilimwajiri wakili, Lawrence Pedowitz, achunguze, na ripoti yake ya Oktoba 2008 ilisema hakupata ushahidi wa refa mwingine aliyebeti mechi za NBA wala kuvujisha habari. Donaghy mwenyewe siku zote amekana kwamba alipuliza filimbi ili mkeka utimie.

Hapo sikubaliani naye, na nitasema wazi. Siamini kwamba mtu anaweza kuweka pesa juu ya timu, halafu asimame katikati ya uwanja na filimbi yake ibaki safi. Huenda hakukusudia. Lakini mpira wa kikapu una migusano mingi kila dakika, na mingi iko katikati, si faulo ya wazi wala si mchezo safi wa wazi. Mwenye pesa zake juu ya timu A ataziona faulo za timu B kabla hajajua kwamba anazitafuta. Ligi ilielewa tatizo la siri pia, kwa sababu baada ya kashfa hiyo ilianza kutangaza majina ya marefa asubuhi ya siku ya mechi, kila mtu ayaone kwa pamoja. Biashara ya Donaghy ya kuuza majina ikafa siku hiyo.

Huyo ndiye muuzaji. Sasa nikueleze upendeleo, na hapa nitajitaja mimi.

Mwaka mmoja nilichezesha fainali ya vijana hapa Malindi, wenyeji dhidi ya wageni kutoka Mombasa. Uwanja ulikuwa wa saruji, watu wamejaa hadi kwenye mstari, watoto wamepanda ukuta, wengine wanapiga mabati kwa fimbo. Zilibaki dakika mbili na wageni walikuwa mbele kwa pointi nne. Katika dakika hizo mbili nilipuliza faulo tano, nne juu ya wageni. Wenyeji wakashinda kwa pointi moja. Usiku ule mzazi mmoja alinionyesha mechi aliyoirekodi kwa simu, na mbili kati ya zile nne hazikuwa faulo. Beki alikuwa amesimama wima, mikono juu, na mshambuliaji ndiye aliyemwendea.

Hakuna aliyenipa hata chupa ya maji. Nilikuwa sina ndugu katika timu ile. Kilichotokea ni kwamba kijana wetu alianguka, uwanja mzima ukapiga ukelele, na filimbi ikalia kabla jicho halijamaliza kuona. Niliitazama ile rekodi mara nyingi, na vijana wale wa Mombasa sijawasahau. Walirudi kwao wakiamini kwamba nimenunuliwa, na nisingekuwa na la kuwajibu.

Wewe umekulia Lamu, umeona mashindano ya mashua. Ile kona ya boya ndiyo inayoleta ugomvi kila mwaka, kwa sababu matanga yanafunika na kila mtu ameona kwa upande wake. Katika kikapu boya letu ni faulo ya kugongana chini ya kikapu. Refa anatakiwa aamue kama beki alikuwa ameshasimama mahali pake kabla mshambuliaji hajaanza kupaa, na kama miguu ya beki iko nje ya ile nusu duara, ambayo NBA ni ya futi nne. Yote hayo kwa nukta moja, mbele ya wanaume wa kilo mia. Jicho likisita, kelele ndiyo huamua.

Wasomi wa uchumi wa Marekani wamelipima jambo hili, na matokeo yao hayawapendezi marefa. Joseph Price, Marc Remer na Daniel Stone walichapisha utafiti mwaka 2012. Walitenganisha namna mbili za kupoteza mpira: zile ambazo refa ndiye huamua, kama kutembea na mpira au faulo ya mshambuliaji, na zile ambazo refa hana la kuamua, kama pasi kunaswa na adui. Ukiona namna ya kwanza inapungua kwa timu fulani na ya pili haipungui vivyo hivyo, umemshika refa na huruma yake. Walikuta wenyeji huhurumiwa. Timu iliyo nyuma kwa pointi huhurumiwa. Na katika mchujo, timu iliyo nyuma kwa idadi ya mechi nayo huhurumiwa.

Najua kaka yako ataruka akisoma sentensi hiyo ya mwisho. Ana haki ya kuruka, kwa sababu ligi inafaidika timu zikifika mechi ya saba, na mimi siwezi kukuambia kwamba jambo hilo halipo. Nakuambia tu kwamba kuhurumia aliye nyuma hakuhitaji amri kutoka ofisini. Hata kwenye bao, wazee wakikaa kutazama, mkono wa anayefungwa ndio wanaoutakia heri. Refa ni mtu.

Utafiti mwingine uliniuma zaidi. Price huyohuyo na Justin Wolfers walichunguza misimu 13, ya kuanzia 1991 hadi 2004, wakakuta wachezaji huitiwa faulo nyingi zaidi marefa wakiwa wa rangi tofauti na yao. Tofauti ilikuwa ndogo kwa mchezaji mmoja, lakini ilijumlika ikagusa hata nafasi ya timu kushinda. Magazeti yaliitangaza Mei 2007 na ligi ikaipinga vikali. Kisha watafiti wakarudi kutazama miaka iliyofuata, na upendeleo ule ulikuwa umetoweka. Hakukuwa na mafunzo mapya wala adhabu mpya. Marefa walijua tu kwamba wameonekana. Mimi naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyokuandikia, kwa sababu aliyenunuliwa haachi kwa kusoma gazeti. Aliyepotoka bila kujua ndiye huacha.

Tuje 2002. Mei 31, mechi ya sita ya fainali ya kanda ya Magharibi, Lakers walishinda 106 kwa 102. Walipata mitupo huru, ile inayopewa timu iliyochezewa faulo, 40, Kings 25. Katika ile 40, mitupo 27 ilitoka robo ya nne peke yake. Divac na Pollard wa Kings walitolewa kwa kujaza faulo. Mwishoni Kobe Bryant wa Lakers alimpiga Mike Bibby wa Kings kiwiko cha pua, na Bryant hakuitiwa faulo. Nimeitazama robo ile polepole, na nakubali: ilichezeshwa vibaya sana. Miaka sita baadaye mawakili wa Donaghy walipeleka barua mahakamani wakidai marefa wawili walitaka msururu ule wa 2002 ufike mechi saba. Hakuna aliyeshtakiwa kwa hilo.

Lakini kuna jambo ambalo kaka yako halitaji, kwa sababu halimsaidii. Mechi ya saba ilichezwa Sacramento, nyumbani kwa Kings, mbele ya mashabiki wao. Kings walipewa mitupo huru 30. Wakaingiza 16. Mchezaji anasimama peke yake mstarini, hakuna wa kumgusa, refa anampa mpira tu. Walikosa 14 na wakafungwa 112 kwa 106 katika muda wa nyongeza. Wangeingiza 20 tu kati ya 30, muda huo wa nyongeza pengine tusingeuona, na leo tungezungumza mengine.

Na kama ofisi ndiyo huandika matokeo kwa ajili ya televisheni, basi huandika vibaya. Fainali ya 2007 San Antonio iliifunga Cleveland ya LeBron James 4 kwa 0, na watazamaji walikuwa wachache kuliko walivyowahi kuwa hadi wakati ule. New York, mji mkubwa kuliko yote, ulitwaa ubingwa 1973 na ukakaa zaidi ya miaka hamsini bila mwingine. Fainali ya 2025 ilikuwa Oklahoma City na Indiana, timu za miji midogo. Mwandishi gani wa tamthilia angechagua hao?

Kama kaka yako ni wa Lakers, bila shaka anaikumbuka mechi ya Boston ya Januari 2023. Huku kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumapili. Pointi 105 kwa 105, sekunde za mwisho, LeBron, ambaye wakati huo alikuwa Lakers, anaingia kufunga, Jayson Tatum wa Boston anampiga mkono, filimbi kimya. LeBron alipiga magoti akashika kichwa. Mwenzake Patrick Beverley alichukua kamera ya mpiga picha akaenda kumwonyesha refa, akaandikiwa faulo ya utovu wa nidhamu. Lakers wakapoteza 125 kwa 121 katika muda wa nyongeza. Siku ya pili chama cha marefa kilikiri hadharani kwamba faulo ile ilikosewa na kwamba inawanyima usingizi. Naijua hali hiyo. Mchezaji maarufu kuliko wote, timu yenye mashabiki wengi, televisheni ya taifa zima, na bado alinyimwa.

Tangu Machi 2015 ligi huchapisha ripoti ya dakika mbili za mwisho kwa mechi zilizokuwa karibu, uamuzi mmoja mmoja: huu sahihi, huu kosa, huu ulipaswa kupulizwa haukupulizwa. Chama cha marefa hakikuipenda kamwe, na ninawaelewa, kwa sababu humweka mtu uchi kwa sekunde mbili za kazi ya saa mbili na nusu. Hata hivyo mimi niko upande wa ripoti. Msimu wa 2019-20 makocha pia walipewa haki ya kupinga uamuzi ili picha itazamwe upya. Vyote viwili huwasaidia waliodhulumiwa na jicho, ingawa ripoti haibadilishi matokeo.

Mwanangu, nikitaka kutafuta mechi iliyouzwa leo, simtazami refa kwanza. Namtazama mchezaji wa mwisho benchi. Jontay Porter wa Toronto alifungiwa maisha Aprili 2024, na Julai akakiri mahakamani. Alikuwa na madeni makubwa kwa wacheza kamari. Wao waliweka pesa kwamba pointi zake hazitafika kiwango fulani, naye akaingia uwanjani, akacheza dakika chache, akasema anaumwa, akatoka. Machi 2024 alicheza dakika tatu tu. Hakuhitaji timu yake ishindwe wala refa ajue. Tangu Mei 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoondoa sheria iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kubeti michezoni, na watu wakaanza kubeti kwa simu hata juu ya mchezaji mmoja, kinachouzwa kwa urahisi ni kipande kidogo cha mechi. Kipande hicho huuzwa na mwenye mshahara mdogo na deni kubwa.

Huku kwetu nako ni hivyohivyo. Katika mashindano ya mitaa, zawadi ikiwa mbuzi, mtu mmoja aliwahi kunifuata kabla ya mechi akaniomba namba yangu ya M-Pesa. "Ya nauli tu, refa." Nauli yenyewe ilikuwa mara sita ya nauli. Nilimrudishia salamu zake na nikawaambia makocha wote wawili mbele yake. Nakuambia hili kwa sababu litakukuta, na halitakuja na jina la rushwa. Litakuja na jina la nauli, au chakula cha mchana, au ahadi ya kumsaidia mdogo wako kupata shule.

Na huo mkeka wa kaka yako. Mwambie kampuni ya kubashiri haina haja ya kumnunua refa yeyote ili imle. Chukua mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa. Haki ingekuwa kulipa mara 2.00, lakini yeye ataona 1.90 kila upande. Watu wawili wakiweka shilingi 100 kila mmoja, mmoja huku mmoja kule, kampuni imepokea 200 na italipa 190 hata matokeo yaweje. Akiunganisha mechi tano za namna hiyo katika mkeka mmoja, kwa haki shilingi yake 100 ingelipwa 3,200 akipatia zote. Kwa bei za 1.90 atalipwa kama 2,476. Zile mia saba na zaidi zimekwenda kabla mpira haujarushwa juu. Akisema refa ndiye aliyemla, anamlaumu mtu aliye Boston kwa hesabu iliyo kwenye simu yake mwenyewe. Nami naomba sana, kama dada yake, umwambie asiende kushika usukani wa boti ya abiria baada ya kukesha hadi asubuhi. Hilo linanitia hofu kuliko mkeka.

Umeniuliza ujiingize vipi katika kazi ya wezi. Mimi sikuiona kuwa kazi ya wezi hata usiku ule wa fainali. Nilichofanya ni kuomba rekodi ya kila mechi niliyochezesha baada ya hapo, na nikaanza kujihesabu: faulo ngapi kwa wenyeji, ngapi kwa wageni, na hasa zipi nilipuliza baada ya kusikia watu wakipiga ukelele. Msimu wa kwanza hesabu ilinitia aibu. Wa tatu ilikuwa imelingana karibu kabisa. Nilijifunza kuchelewesha filimbi kwa nusu pumzi, na kutazama nafasi iliyo kati ya miili miwili badala ya kuutazama mpira. Mpira hauchezi faulo.

Msichana anayetaka filimbi pwani hii namtaka mimi, kwa sababu tuko wachache na timu za wasichana zinaongezeka. Ukipata ruhusa nyumbani, kaka yako akuvushe hadi Mokowe siku ya Ijumaa, upande basi, ulale kwetu. Mke wangu atakupokea. Jumamosi saa mbili asubuhi tuna watoto wa shule uwanjani. Hutapewa filimbi kwanza. Utakaa mezani kwenye karatasi ya alama, uandike kila faulo na dakika yake, mechi baada ya mechi, mpaka uanze kuona refa anapokosea kabla yeye hajajua. Njoo na kalamu mbili, nyekundu kwa robo ya kwanza na ya tatu, buluu kwa ya pili na ya nne.